Tangazo la Kuganduka Lililofungua Kamari

Ndugu zangu, wazazi wangu, mimi niliomba kusemea kule nyuma karibu na mlango. Mwenyekiti wa mkutano wetu huu wa mtaa akakataa. Akasema anayetoa habari zake asimame mbele, watu wamwone uso. Basi uso ni huu. Mmezoea kuuona ukicheka, na leo ukishindwa mnivumilie.

Sitamtaja mtu kwa jina. Wengine wamo humu ndani, kwa hiyo nawaomba msigeuze shingo kuwatafuta. Mwenye kosa yuko mbele yenu, mtazameni huyo huyo.

Kazi yangu mnaijua, maana wengi wenu mmepitia mikononi mwangu, kwa furaha au kwa machozi. Mimi ni yule wa matangazo. Shule niliishia njiani, sekondari sikuimaliza, nikapata kazi mtaa wa Asiatique, kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi. Mwenye kibanda ni mzee mmoja Mwislamu, mtu wa mji huu tangu babu zake, na alinifundisha kompyuta kwa subira ambayo hata mama yangu hana. Kazi yetu kubwa ilikuwa karatasi za mialiko: harusi, mahari, misiba, na kuganduka, siku ya kufunga kilio na kumtoa mjane kwenye nguo za matanga.

Hapo ndipo ndoto yangu ilipozaliwa, na mimi nikiota siotagi kidogo. Niliona karatasi zinafika kwa jirani tu. Mtoto aliye Kigali au Kanada anatumiwa picha ya karatasi, inafika na giza, kidole cha mtu kimefunika saa. Nikasema, kwa nini pasiwe na mahali pamoja kwenye mtandao, kila familia na ukurasa wake? Picha ya bwana na bibi harusi, au ya marehemu. Siku, kanisa au msikiti, rangi ya imvutano watakazovaa kina mama, na njia ya kufika, kuanzia barabara kubwa mpaka kwenye geti. Mgeni anabonyeza tu, anafika.

Nikajifunza pole pole, mzee akiniachia kompyuta wateja wakipungua. Jina la tovuti nilichagua mwenyewe, la Kirundi, maana yake ni kama kusema njooni tuwe pamoja. Kulinunua ndiko kulikonishinda. Walitaka karte ya benki inayokubalika nje, na mimi benki nilikuwa naijua kwa mlango wake tu. Nikampigia shangazi yangu aliye Ubelgiji, akanilipia.

"Nisikilize, mutoto," akaniambia. "Hili jina ni la mwaka mumoja mumoja. Likiisha bila kulipwa wanalirudisha sokoni."

"Ndiyo, shangazi."

"Umesikia ama umeitika?"

Niliitika, ndugu zangu. Kusikia sikusikia. Kwetu mtoto akishapewa jina, hakuna anayerudi mwaka unaofuata kuuliza kama bado mnalitaka. Mimi nikalichukua la tovuti hivyo hivyo. Nimelipata, ni langu, nitazikwa nalo.

Miaka ikapita, karte ya shangazi inakatwa yenyewe kila mwaka, mimi sina habari. Kazi ikakua. Nikaacha kibanda, nikapanga chumba huku Kanyosha, nikaanza kutembea kama mtu mwenye kampuni. Halafu siku moja kwenye mahari ya binamu yangu, watoto wa ukoo wakanikalia mezani.

"Kampuni gani?" mmoja akasema. "Kampuni ni ya shangazi. We ni zamu wa geti, mlinzi tu."

"Tena zamu wa mchana," akadakia mwingine.

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki mukeke. Nikajiapia kwamba shangazi sitamwomba kitu tena.

Muda haukupita mwingi shangazi akanitumia sauti yake kwenye simu. "Mutoto wangu, nimebadilisha benki, ile karte ya zamani imekufa. Uangalie jambo la jina lako, uniambie wanataka nini." Nikamjibu: "Usijali shangazi, nimeshajipanga." Nilijipanga na nini? Hata jambo lenyewe sikuwa nalijua. Nilitaka tu asikie kwamba nimekua.

Zikaanza kuingia barua pepe za Kiingereza. Mzee wa Asiatique alikuwa ameshanionya zamani kwamba barua inayokwambia ulipe haraka ni ya wezi, na kweli, wezi wa namna hiyo wapo wengi. Kwa hiyo kila ikija nafuta. Mnakumbuka nilivyosimama humu humu, pale alipokaa katibu, nikawasomea moja? Nikaitafsiri kwa sauti ya mwizi: "Mpendwa mteja, jina lako linakaribia kuisha." Nikauliza, mimi jina langu linaishaje, kwani ni sabuni? Mlicheka sana. Mimi nilicheka kuwashinda wote. Nikaifuta mbele yenu, nikawaambia vijana wajifunze.

Ndugu zangu, ile barua ilikuwa ya kweli. Nikiikumbuka usiku au mchana, nasikia masikio yanawaka.

Sasa wakati huo huo kulikuwa na mama mmoja, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mjane. Familia ilikuwa inaandaa kuganduka, na alinijia mwenyewe akiwa na picha ya marehemu ameifunga kwenye kitambaa. Mume wake amevaa koti, ametabasamu upande mmoja. Picha nyingine nzuri hawakuwa nayo.

"Mwanangu," akaniambia, "shemeji yangu wa Kibenga ndiye atakayesema kwa niaba ya ukoo. Siku hiyo atatangaza mbele ya watu kama nyumba na watoto vinabaki mikononi mwangu ama vinahamia kwake. Yule hakupenda kamwe mudogo wake aoe mwanamuke wa ndagala. Nataka kila kitu kiwe na heshima. Asipate pa kunishika."

Nikamwambia mama, hili niachie mimi.

Nikatengeneza ukurasa mzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Binti yake mkubwa, mwanafunzi, akaupeleka kwenye kundi la familia. Watu wa mbali wakaanza kuandika kwamba wanakuja. Binti mwenyewe alikuwa amechaguliwa kusema maneno machache kwa niaba ya watoto wa marehemu. Alikuja kunisomea, akalia katikati, akafuta macho, akasoma tena mpaka mwisho.

Kisha tovuti ikakataa kufunguka. Watu wakaniuliza, nikawajibu ni rezo, mtandao umekatika. Hapa kwetu nani atabisha ukisema ni rezo? Leo haipo, kesho itarudi. Nilikaa wiki kadhaa nikiwaambia watu ni rezo, na mwenyewe nikaamini.

Zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya kuganduka, yule binti akaja kwangu anahema.

"Dada, fungua ukurasa wa baba."

Ukafunguka haraka sana, ndugu zangu. Haujawahi kufunguka haraka vile. Gurudumu la kamari linazunguka, pesa zinanyesha kama mvua, na wasichana wawili ambao nguo zao sitawaeleza hapa mbele ya wazazi. Juu, kwa herufi kubwa, jina langu la tovuti. Njooni tuwe pamoja.

"Baba mukubwa amefungua akiwa ofisini," binti akasema. "Alikuwa anaonyesha wenzake njia ya kuja. Amempigia mama. Amesema, shemeji, ndugu yangu amekufa, sasa mumemuweka kwenye kamari?"

Mama naye akaingia nyuma yake, bado na harufu ya samaki mikononi, hakunawa. "Mwanangu, ni nini hii?"

Hapa ndipo ninapoomba mnivumilie kweli. Ningeweza kusema sijui, na ingekuwa kweli. Ningeweza kusema ngojeni nikaulize. Mimi nikamtazama yule mtoto nikasema, "Labda alibonyeza pabaya alipotuma. Simu za vijana hizi zina vitu vingi."

Binti hakubisha. Alinitazama tu, kwa sababu mimi ni dada yake mkubwa hapa mtaani, na mtu hambishii mkubwa mbele ya mama yake. Mama akamnyang'anya simu. Jioni hiyo habari ikafika Kibenga, na jibu likarudi: mtoto anayecheza na vitu kama hivyo hatasimama kusema kwa ajili ya marehemu. Atabeba soda.

Nikaenda Asiatique kwa mzee. Akafungua kapu la taka la barua pepe, akatoa zile nilizozifuta, akazisoma moja moja, miwani imeshuka puani. Akavuta pumzi.

"Nilikufundisha kuogopa barua," akasema. "Nilisahau kukufundisha kuuliza."

Akanieleza kwamba jina liliisha muda wake. Wiki zile ambazo mimi nilikuwa nasema rezo, lilikuwa bado linanisubiri mlangoni niende kulichukua. Sikwenda. Likarudishwa sokoni, mtu wa mbali akaliokota, kwa kuwa aliona watu wameshazoea kupita hapo. "Nyumba yako ipo," mzee akaniambia. "Kurasa zimo, picha zimo. Njia ndiyo waliyokunyang'anya. Sasa mgeni wako akiifuata anaingia kwa muhuni." Tulimwandikia huyo mtu mpya. Bei aliyotaka, hata mkiniuza mimi na kiti hiki haifiki.

"Yule mama ameshajua?" mzee akaniuliza.

"Nitamwambia baada ya kuganduka. Sitaki kumharibia siku."

"Siku itakayoharibika ni ya nani, yake ama yako?"

Nilimuaga nikaondoka kama mtu mwenye haraka, na sikuwa na pa kwenda.

Siku ya kuganduka ikafika. Turubai, viti, kina mama ndani ya imvutano, pombe ya ndizi imekaa vizuri. Mimi nimekaa nyuma. Watoto wa marehemu wamepangwa mbele, na kiti kimoja hakina mtu. Yule binti alikuwa anapita kati ya viti na kreti ya soda, macho chini, na kuna wageni waliokuwa wakinong'ona akipita. Nilisikia mmoja akisema, "Ndiye huyo wa kamari."

Baba mkubwa akasimama. Mnajua wazee wetu wanavyosema, hawaendi moja kwa moja. Akashukuru wageni, akamkumbuka mdogo wake, akazunguka, kisha sauti ikapungua. "Nyumba ambayo wageni wanaonyeshwa njia mbaya," akasema, "watu huanza kujiuliza anayeishika ni nani. Mama akishindwa kuchunga simu ya mutoto, sisi ukoo tutalala usingizi?"

Wazee wakatikisa vichwa. Mama yule akainamisha uso mpaka nikaona kisogo chake tu.

Sijui nilisimamaje. Msichana asiyeolewa, asiye wa ukoo, nakatiza neno la mzee kwenye kuganduka. Mnaoijua desturi mnaona uzito wake.

"Binti," baba mkubwa akaniambia, "hujapewa neno."

"Najua, mzee. Nipeni, ama mnitoe nje. Lakini njia mbaya nimeionyesha mimi."

Nikasema yote. Jina, mwaka, shangazi, barua nilizozifuta nikicheka. Nikasema mtoto huyu hakubonyeza popote, mimi ndiye niliyemsingizia, mbele ya mama yake, ili kampuni yangu isipate aibu. Kampuni yenyewe wakati huo ilikuwa imeshakufa, mimi nailinda maiti.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alicheka, kicheko kifupi, akanyamaza. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya yule binti na kreti yake, nikamwambia nisamehe. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Dada, inuka, soda zinapata moto."

Baba mkubwa alikuwa bado amesimama. Nilingoja anifukuze. Akauliza, sauti imebadilika, "Na picha ya mudogo wangu? Imebaki kule na wale wasichana?"

"Apana, mzee. Picha ninayo. Haijaguswa."

"Nionyeshe."

Nikampa simu yangu. Akaiweka mbali na macho, akaisogeza, akaiweka mbali tena. "Hii alipigwa lini?"

Mama akajibu bila kuinua kichwa. "Ubatizo wa huyu mukubwa wetu. Koti ni lako, shemeji. Ulimuazima."

Mzee alikaa. Watu wakadhani hotuba imekwisha. Akakaa na ile simu mapajani, taa yake ikazimika, hakuigusa. Baadaye akasimama, na safari hii hakuzunguka. "Nyumba ya mudogo wangu inabaki na mwenyewe," akasema, na mkono wake ukamwonyesha mama. Akamgeukia binti: "We, weka soda chini. Uje useme maneno yako."

Mimi hakuniambia neno. Simu yangu ilirudishwa na mtu mwingine. Ilikuwa haki.

Msifikiri baada ya hapo mambo yalinyooka. Nilipita kwa kila familia niliyokuwa nimeitengenezea ukurasa, mlango kwa mlango, kuwaeleza. Wengine walinipa chai. Bibi harusi mmoja, ambaye mialiko yake ilikuwa imeshatumwa, alinifungia geti na kuniambia yote akiwa upande wa pili, na nilisimama nikasikiliza mpaka akachoka. Wengi hawakurudi kwangu, na siwalaumu.

Shangazi nilimpigia mwisho kabisa, kwa sababu yeye nilimwogopa kuliko wote.

"Kwa nini hukuniambia, mutoto?"

"Nilikuwa sitaki uchoke na mimi, shangazi."

"Mi nachoka na wanaonipigia kuomba viatu. We uliniomba jina tu. Kwa jina mutu anachokaje?"

Tukalia wote wawili kwenye simu, na salio langu likaisha tukiwa bado tunalia.

Sasa nina jina jipya. Taarifa zake hazinijii mimi peke yangu tena. Zinakwenda kwa shangazi, zinakwenda kwa mzee wa Asiatique, na zinakwenda kwa yule binti. Yeye nilimwomba mara nyingi kabla hajakubali. Alipokubali aliniambia, "Barua nitapokea, dada. Kucheka na wewe bado." Nami nimeridhika na hilo, nangoja.

Ndugu zangu, nawashukuru. Namshukuru mama wa ndagala, ambaye wiki iliyofuata alinipitishia samaki mlangoni. Namshukuru mzee aliyeniuliza swali nikakimbia. Namshukuru shangazi. Na yule binti, kwake sina neno la kutosha, kwa hiyo sitalitafuta mbele za watu.

La kuwaachia ni dogo. Ukiona jambo hulijui, sema hulijui kabla hujapata pa kulisukumia. Kutojua hakukuniharibia mtu. Jina lilipotea kwa ujinga, na ujinga una dawa, unauliza tu. Lakini mtoto wa watu alibeba kreti kwa sababu mimi nilikuwa naogopa kuonekana zamu wa geti. Na nikiwaza vizuri, kama ningekuwa zamu kweli, ningeangalia njia.

Nina ombi moja, kisha nikae. Lile jina la zamani sikulipata tena na sitalipata. Bado liko kwenye simu zenu, kwenye mialiko ya zamani, na likibonyezwa linapeleka kule kule. Pengine mama yako atalibonyeza akitafuta picha za harusi yako, pengine mtoto wako. Toeni simu zenu sasa, tulifute. Asiyejua pa kubonyeza ainue mkono tu, nitapita kiti kwa kiti.